Maji Hii Bado Baridi: Uyole Mpaka Tosamaganga na Mguu wa Mzee Ambakisye

Tangu turudi, kila anayekaa kwenye kigoda changu ananiuliza swali lile lile. Mguu uko kwenye beseni langu, mdomo unauliza: hivi kweli dada yako alimuunguza mkwe wake? Nimechoka kujibu huku nimeshika brashi. Na nyie wenzangu mnaosugua miguu kule Mwanjelwa, mlionitumia meseji za "pole sana, ila tuambie ukweli," ukweli ndio huu. Nitausema hatua kwa hatua, kama tulivyopita. Baada ya hapo nikisikia mtu anamtaja Tumpe vibaya hapa Uyole tusilaumiane.

Kwa asiyenijua, mi ni Gwamaka, nasugua miguu na kupaka rangi kucha. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na beseni moja, jiwe la kusugulia na simu ya kuangalia wengine wanafanyaje, nikaharibu kucha za watu mpaka nikajua. Una magaga, nakuloweka kwenye maji ya vuguvugu na chumvi ya mawe, nasugua, nakupaka mafuta ya mgando. Miguu inanuka, natia siki kidogo. Fangasi, nachemsha mwarobaini, na nikimaliza nakukausha mpaka katikati ya vidole, maana pale ndipo watu wavivu wanapoacha maji. Kwa hiyo mi beseni silichukii, linanilisha.

Uyole, kabla ya kutoka

Dada yangu Tumpe ameolewa na Asajile, dereva wa malori yanayokwenda Kongo. Akiondoka ameondoka, simu haipatikani mpaka avuke mpaka kurudi. Tumpe anabaki nyumbani na baba mkwe, Mzee Ambakisye, ambaye mkewe alishafariki.

Sasa hapa msikilize vizuri, maana yote yanaanzia hapa. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao humwangalii usoni na husemi naye, na yeye hatamki jina lako. Siku hizi wengi wameacha, wakwe wanapiga picha pamoja kwenye harusi. Mzee Ambakisye hajaacha. Tumpe akiingia uani anakohoa kwanza, mzee anageukia ukutani. Chakula anakiweka mlangoni anaondoka. Tangu aolewe hawajawahi kuambiana hata "shikamoo."

Mzee alikuwa na ganzi. Alikuwa anasema miguu yake kama imevalishwa soksi nzito ambazo hazivuliki. Mtu mmoja kanisani akamwambia aloweke kwenye maji ya moto na chumvi, ganzi itatoka. Tumpe akachemsha, akachanganya na ya baridi, akajaribu kwa mkono, yako sawa. Akaweka beseni mlangoni, akaenda kukaa nyuma ya ukuta wa jiko. Beseni lenyewe dogo, mzee akaanza na mguu wa kulia. Punde Tumpe akasikia mzee anauambia ukuta, "Maji hii bado baridi."

Ndivyo anavyoagiza vitu, anauambia ukuta, mwenye masikio atasikia. Tumpe akaleta birika la maji ya moto, akaliweka mlangoni, akarudi. Mzee akamimina mwenyewe.

"Maji hii bado baridi."

Birika lingine. Ingekuwa binti yake au jirani, angeingia, angetia kidole, angepiga yowe. Tumpe hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nyuma ya ukuta anaongeza kuni. Mzee alipoutoa mguu, ngozi ya juu ikabaki inaning'inia.

Kituo cha afya walimpima wakakuta sukari iko juu sana. Mzee akabisha, "Mimi chai nakunywa bila sukari, imeingilia wapi?" Wakamwambia hiyo ndiyo iliyoua hisia za miguu. Wakawa wanamfunga bandeji. Siku zikaenda, kidole gumba kikaanza kuwa cheusi. Daktari akamweleza maneno mengi, mzee akalisikia moja tu, "kukata." Akavaa kofia yake akatoka nje, akasema hakatwi mtu. Akataka Tosamaganga kule Iringa, kwenye hospitali ya misheni, ambako marehemu mkewe aliwahi kuugua sana akapona.

Nikamwambia, "Mzee, hospitali ziko tele hapa hapa Mbeya."

"Nimesema Tosamaganga."

Mgonjwa lazima awe na mtu wa kumpikia na kumfulia, na mtu mzima mwingine nyumba ile ni Tumpe peke yake. Lakini atamuuguzaje mtu asiyeweza kusema naye? Ndio nikafunga beseni langu, nikaenda niwe mdomo wao.

Uyole mpaka Chimala

Tulipanda kosta asubuhi. Mzee tulimweka mbele, mguu juu ya begi langu. Tumpe akaenda siti ya nyuma kabisa, kajifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Mi katikati.

"Mwambie aliye nyuma nina kiu," mzee anaambia kioo.

Nanyanyuka. "Dada, mzee ana kiu."

"Mwambie maji yako kwenye chupa ya kijani, mfuko wa pembeni."

Narudi. "Chupa ya kijani, mfuko wa pembeni."

"Nimesikia," anasema mzee. Kasikia tangu mwanzo, gari lenyewe dogo. Lakini lazima nipite mi.

Konda akacheka. "Oya, hawa wamegombana nini?"

Mama mmoja mwenye kikapu cha parachichi akamjibu kabla yangu. "Nyamaza wewe. Yule ni mkwe wake. Ungekuwa na adabu hiyo ungekuwa umeshaoa."

Gari zima likacheka, hata mzee mabega yakatikisika. Hicho ndicho kicheko pekee nilichomsikia safari nzima, na nakikumbuka kwa sababu baada ya Igurusi jua lilikaza na bandeji ikaanza kunuka. Watu wakaanza kufungua madirisha bila kusema kitu. Yule mama wa parachichi akajifanya anasinzia kwenye mtandio wake.

Chimala gari likafa. Mkanda wa injini umekatika, tukaambiwa tushuke, fundi anakuja. Fundi anakuja, mnajua maana yake. Tukamkalisha mzee kwenye gogo nje ya kibanda cha mahindi ya kuchoma, na nzi wakamjua. Tumpe akavunja tawi, akanipa nikampe mzee apungie nzi. Yeye mwenyewe akakaa nyuma ya kibanda, mgongo kwetu.

Hapo ndipo madaktari wakaanza kuja.

"Baba, huo mguu uloweke kwenye maji ya magadi," akasema mama wa mahindi. "Magadi yanavuta uchafu wote."

"Magadi yanachoma," akasema mwenzake. "Chemsha majani ya mpera, tia na chumvi, aloweke asubuhi na jioni. Mume wangu alipona."

"Alikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Fangasi za shambani."

"Sasa mama, hizi ni fangasi? Huoni nyama? Mpera unakausha fangasi, haurudishi ngozi. Na huyu hasikii, ukimweka kwenye maji ya moto anakaa humo kama samaki kwenye sufuria."

"We kijana una mdomo."

"Ndio kazi yangu mpaka Iringa."

Mzee akaingilia. "Magadi nayajua. Mnayo hapa?"

Nikamwangalia. Mguu unaoza kwa sababu ya beseni, na anatafuta beseni lingine. Nikamwambia hapana, kwa ukali, kwa namna ambayo kijana hamwambii mzee, na wale akina mama wakaacha kunikaribisha mahindi. Nilikula ndizi mbili za kupikwa nikiwa nimesimama. Tumpe hakula.

Chimala mpaka Rujewa

Fundi alikuja jua limeshapinda. Kufika njia panda ya Rujewa mzee akasema hawezi tena, tulale kwa binti yake. Sikutaka. Tumpe naye hakutaka, niliona alivyoshika kanga yake. Binti huyo ni Subi, dada yake Asajile, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwenye simu kwamba baba kaunguzwa.

Subi anakaa karibu na mashine ya kukoboa mpunga, vumbi la pumba linaingia mpaka kwenye chai. Uwanja wote umeanikwa mpunga kwenye maturubai. Alipomwona baba yake akalia, akamkumbatia, akampigia magoti. Mi akaniambia, "Karibu shemeji." Subi huyo huyo akampita Tumpe kama anapita nguzo.

Tulikula wali mpya na maziwa mgando. Wali wa Rujewa ukitoka shambani unanukia, sitadanganya, ulikuwa mtamu. Tumpe aliletewa wake jikoni, kwenye bakuli la plastiki, bila kijiko.

Baada ya kula Subi akatoka na beseni. Kubwa, linafuka, limejaa mwarobaini na chumvi ya mawe. Akaliweka mbele ya baba yake.

"Dada Subi, kidonda hakilowekwi," nikasema. "Tumeambiwa kikae kikavu."

"Na nani?"

"Kituo cha afya. Na mi mwenyewe miguu ndio kazi yangu."

"Kazi yako kupaka wanawake rangi." Akaanza kufungua bandeji. "Baba, tia mguu. Mimi siunguzi mtu."

Hiyo ya mwisho alisema akiangalia jikoni, kwa sauti ya kufika huko. Mzee akanyanyua mguu. Akaunyanyua kweli, bila kuuliza maji yakoje.

Nikalipiga beseni teke.

Maji yakaenda yote kwenye mpunga wa Subi, majani ya mwarobaini yakatapakaa, mvuke ukapanda kwenye turubai. Hapo mashine ya kukoboa ilikuwa imezimwa, watu wanakula, kwa hiyo majirani walisikia kila kitu. Subi akaniita mhuni, mvuta bangi, akasema mi na dada yangu tumetumwa tumalize ukoo wao. Akasema kaka yake akirudi tu, wanakaa kikao, na Tumpe anarudi kwao na nguo alizokuja nazo, watoto wanabaki.

Tumpe ana watoto wawili, tuliwaacha kwa jirani Uyole. Aliposikia hilo alitoka jikoni mpaka kwenye kona ya nyumba, akakumbuka mzee yupo, akarudi nyuma.

Mi nikamgeukia mzee. "Mzee, sema basi. Nani alimimina maji?"

Mzee akaanza kujifunga bandeji upya.

"Nani alisema bado baridi? Watu wote wako hapa, sema."

Mzee akageuza uso, akauangalia ukuta wa Subi kama vile mkwe wake ndiye anapita. "Baba mkwe hamtii mkwe wake mdomoni," akasema. "Si adabu."

Yaani adabu. Nilitamani kulia kwa hasira. Kumtaja ili umsafishe si adabu, lakini kukaa kimya anafukuzwa ndiyo adabu. Nikaenda kukaa na dada yangu jikoni, nikamwambia kesho tumwache hapa hapa na mguu wake.

"Nani atampikia huko?" akasema Tumpe.

"Aende na binti yake."

"Subi ana mpunga umelowa, hawezi kutoka kesho." Akaokota jani la mwarobaini lililoganda kwenye suruali yangu. "Na wewe ungemimina chini, si kwenye chakula cha watu."

Ndivyo alivyo. Mi nampigania, yeye ananihesabia makosa.

Rujewa mpaka Makambako

Asubuhi hakukuwa na basi lenye nafasi ya mtu wa kulala, tukapata fuso la mchele. Tumpe akaingia mbele kwa dereva. Mi na mzee tukapandishwa juu ya magunia, mzee kalala chali, mguu juu ya gunia moja la ziada, turubai kichwani.

Dereva alikuwa Msangu, mtu wa makamo, miguu yake mwenyewe imevimba kwa kukanyaga pedali. Kabla ya kuondoka aliniambia yeye kila akifika anatia miguu kwenye maji ya chumvi na tangawizi na uvimbe unashuka. Nikamwambia kwake sawa, anahisi. Akapanda juu kumwona mzee. Alipokiona kidole akashuka bila kutoa ushauri wowote. Huyo ndiye mtu wa kwanza njiani aliyekiona kidonda akashindwa kumtajia mzee beseni, na ndipo nilipoogopa sana.

Sikuwa nimesema na mzee tangu jana. Tumepita mashamba, tumepita ng'ombe, mlima umeanza, baridi imeanza kuingia kwenye mifupa, ndipo akaniita.

"Kijana."

Nikajifanya nakaza kamba ya turubai.

"Nilikuwa naona mvuke."

"Mvuke gani?"

"Siku ile. Niliona mvuke unapanda kwenye beseni. Nikasema macho yananidanganya. Mguu ukasema baridi. Nimetembea na mguu huu tangu nachunga ng'ombe wa baba yangu. Nikauamini mguu."

Gari likaruka kwenye shimo, nikamshika asiteleze. Niliona mguu wake umegonga chuma cha ubavuni, pwaa, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliona mi ndio nimekunja uso, akaangalia chini kujua kimetokea nini.

"Basi mwambie dada Subi hivyo hivyo," nikasema. "Kama ulivyoniambia."

"Mimi mzee wa kanisa. Niseme nilijipika mwenyewe kama mtoto?"

Kumbe. Hapo ndipo nilipoelewa. Mwiko ulikuwa kichaka tu, aibu ndiyo ilikuwa imejificha humo.

"Kwa hiyo bora Tumpe akose watoto wake?"

Akavuta turubai usoni. Nilimwambia maneno mengi nikiwa nimeinama juu ya lile turubai, upepo ukayabeba karibu yote, na nadhani ni heri. Mengine sitayaandika.

Makambako mpaka Iringa

Makambako baridi yake mnaijua. Tulikunywa chai ya tangawizi kwenye kibanda cha mabati, na viazi vya kukaanga vilivyokuwa vimepoa. Mzee alikuwa anatetemeka, lakini si baridi, ilikuwa homa. Macho yamekuwa mekundu. Tumpe akanipa kanga yake ya pili.

"Mfunike."

"Hii si ya kwako? Ataikubali?"

"Usimwambie ni ya nani."

Nikamfunika. Akaishika, akainusa, ina harufu ya moshi wa jiko lake mwenyewe. Alijua. Hakuitoa.

Kwenye basi la Iringa mzee alikaa dirishani. Mafinga wakapanda wauza karanga na ulanzi, ile pombe ya mianzi, yeye amefumba macho. Mimi kila nikimwangalia nawaza jambo moja: huyu akifa hapa njiani, anakufa na neno letu. Subi atazika baba yake na dada yangu kwa siku moja. Mnaweza kuniona mtu mbaya, mgonjwa anahangaika na mi nawaza jina. Sawa. Mi nina dada mmoja.

Tosamaganga

Tulichukua gari ndogo kutoka barabara kubwa. Nikakimbilia kutafuta kiti cha magurudumu, nikamwacha mzee kwenye benchi na Tumpe dirishani pa kuandikishia. Nimerudi nakuta kelele.

"Dada, nakuuliza mara ya tatu, jina la mgonjwa nani?"

Tumpe kainamisha kichwa.

"Mgonjwa wako hana jina? Umemuokota? Ni nani yako?"

"Ni baba yake mume wangu."

"Anaitwa nani?"

Yule dada wa dirishani, Mhehe, alikuwa ametusalimia "kamwene" kwa uzuri kabisa tulipofika. Sasa alikuwa anamwita mlinzi, anadhani tumemwiba mzee wa watu.

"Anaitwa Ambakisye," nikapiga kelele kutoka mlangoni. "Huyu hawezi kumtaja, ni mkwe wake. Mwulizeni mwenyewe basi, huyu hapa."

Wakamwuliza. Mzee akasema jina lake. Halafu akasema, polepole, "Huyo msimsumbue. Amenileta."

Lilikuwa neno dogo. Nilimwangalia Tumpe, alikuwa amegeukia ukuta, sikuona uso.

Daktari alifungua bandeji, akauliza ilianza lini. Nikaeleza, mpaka kituo cha afya, mpaka neno la kukata.

"Walisema wakate nini?"

"Mguu," akasema mzee.

Daktari akapekua karatasi tulizobeba toka Mbeya. "Hapa walitaka kukata nyama iliyokufa, ya kidole. Wakusafishe. Mzee, hakuna aliyesema mguu." Akakunja zile karatasi. "Sasa hivi ndio nasema mimi. Chini ya goti. Tukisubiri, itakuwa juu ya goti, au tutakukosa."

Mzee hakuvaa kofia yake safari hii. Aliangalia mguu kwa muda, akauliza kama ataumia. Wakamwambia atachomwa sindano, hatasikia.

"Huo tayari hausikii," akasema.

Kabla hajaingizwa nilimfuata mpaka mlangoni. Nikainama sikioni. "Mzee, andika hata kwa simu yangu, au nirekodi sauti yako, useme tu kwamba ulimimina mwenyewe." Akafumba macho. Wakamsukuma ndani. Nilirudi kwa Tumpe, tukakaa kwenye ngazi. Alikuwa anachambua mchele aliopewa na dereva wa fuso, punje kwa punje, kana kwamba mtu atakula leo.

Alitoka hai. Kwenye shuka upande mmoja palikuwa pameinuka, upande mwingine pamelala.

Subi alifika baadaye, mpunga umekauka. Alikaa kitandani, akashika zamu yote. Tumpe alikuwa anapika kwenye majiko ya wauguzaji kule nyuma, ananipa, napeleka. Subi alipojua uji umetoka wapi aliumwaga kwenye sinki mbele yangu. Wodi nzima inaangalia. Nilikunja ngumi, na naapa nisingekuwa wodini ningefanya jambo. Mzee aliutazama ule uji ukiingia kwenye tundu la sinki. Siku ile alikataa kula cha Subi pia.

Siku ya kufundishwa jinsi ya kutunza mguu uliobaki, nesi alikuja na beseni. Mtu mzima, sauti ya ualimu.

"Mguu huu nao hauhisi vizuri, kwa hiyo sasa ni kama yai. Utaangaliwa kila siku, nyayo, katikati ya vidole. Utaoshwa kwa maji ya vuguvugu, haraka, halafu mkaushe. Hakuna kuloweka. Si chumvi, si magadi, si majani, si dawa ya jirani. Na maji hajaribu mgonjwa. Anajaribu anayemwosha, kwa kiwiko, hivi. Nyumbani anayekuosha nani?"

"Mimi nitakuwa nakuja," akasema Subi, akalivuta beseni.

"Nyumbani, mama. Kila siku."

Mzee alikuwa anaangalia dirishani. Nje ya dirisha, Tumpe alikuwa amekaa kwenye majani, mgongo kwetu, anasubiri nimletee vyombo.

"Acha beseni," mzee akamwambia Subi. "Mwite aliye nje."

"Nani, baba?"

"Tumpe."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jina la dada yangu mdomoni mwake. Subi naye, maana alibaki na mdomo wazi. Nilienda kumwita mwenyewe, akadhani mzee amekufa. Aliingia ubavu ubavu, kanga usoni, akapiga magoti mbali na kitanda. Nesi akashangaa, akanisogezea beseni, nikalisogeza kwa dada yangu.

"Subi," mzee akasema. "Yale maji nilimimina mimi. Huyu alileta sawa. Mimi nikasema baridi, nikamimina, nikasema tena baridi, nikamimina. Alikuwa nyuma ya ukuta. Umesikia? Na Asajile akirudi, utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Subi alianza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Tumpe akasogea kwa magoti. Akapandisha mkono wa blauzi, akatia kiwiko kwenye maji, akakaa hivyo. Niliona anasubiri. Miaka yote hiyo amezoea kusubiri ukuta useme. Ukuta haukusema. Akainua uso, si mpaka machoni, mpaka hapa kwenye kidevu cha mzee.

"Baba, yakoje?"

Nikafungua mdomo nipeleke neno, kama nilivyofanya njia nzima. Mzee akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Sijui," akamwambia. "Niambie wewe."